Tuanze na Goti, Tusianze na Mota

Wahenga walisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Methali hii nimeisikia tangu utoto, nami nilidhani naijua. Kumbe sikuijua mpaka tulipotengeneza baiskeli ya umeme kwa ajili ya mzee mmoja, nayo ikamwangusha.

Tangu siku ile yamesemwa mengi hapa shuleni. Wengine wasema kazi ile ilikuwa upuuzi tangu mwanzo, maana mzee wa miaka 71 hana haja ya baiskeli. Mahali pake ni barazani. Wengine wasema kosa lilikuwa la mota tu, na kama tungaliweka mota ndogo mambo yangalikuwa mazuri. Mimi nilikuwa mmoja wa watengenezaji, tena mmoja wa wakosaji, kwa hiyo naomba nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili nami niseme niaminivyo. Naamini baiskeli ya umeme ni chombo kinachowafaa sana wazee wetu. Lakini naamini pia kwamba kijana hawezi kuitengeneza vizuri akianza na mota. Yampasa aanze na goti la yule atakayeipanda.

Mzee huyo ni katekista. Kwa miaka mingi amehudumia vigango vitatu vya parokia yetu, hapa mashariki ya Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Huku kwetu baiskeli si kitu kigeni. Hata jina la bodaboda lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, vijana walipowapakia watu kwenye keria za baiskeli na kuwavusha kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Katekista wetu amepanda baiskeli tangu ujana wake. Kigango cha kwanza ki umbali wa kilomita 4, cha pili kilomita 9, na cha tatu kilomita 11, ng'ambo ya kilima.

Miaka michache iliyopita goti lake la kulia lilianza kuuma, na likazidi. Akaiacha baiskeli, akawa akipanda pikipiki. Lakini nauli ya kwenda na kurudi humaliza kile kidogo apatacho, kwa hiyo Jumapili nyingine hakwenda. Watu wa kigango cha tatu walikaa kanisani wakingoja mpaka jua likapanda, kisha wakarudi makwao. Hata ilitokea wakamzika mama mmoja pasipo katekista wa kuwaongoza katika sala, maana siku ile mzee hakuwa na nauli na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Jambo hilo lilimwumiza kuliko goti. Ndipo alipokuja katika karakana yetu ya shule, akauliza kwa upole kama ni kweli kwamba siku hizi umeme waweza kumsaidia mtu kukanyaga pedali.

Sisi tulifurahi mno. Tulikuwa vijana sita, nasi tulitaka sana kupata sababu ya kununua mota. Sasa tazameni tulivyofanya, maana makosa yetu yana mafunzo kuliko sifa zetu.

Tulichukua baiskeli kubwa ya kiume, ile ya chuma yenye magurudumu makubwa na breki za vyuma virefu, kama zilivyo nyingi barabarani. Katika gurudumu la nyuma tukatia mota ya wati 1000. Juu ya keria tukafunga betri nne za risasi na asidi, kila moja karibu kilo 4. Kwenye usukani tukatia eksileta ya kuzungusha kwa mkono, kama ya pikipiki. Mmoja wetu akaijaribu katika uwanja wa mpira, ikaenda mbio hata watoto wa kidato cha kwanza wakapiga vigelegele. Wala hakuna aliyemwuliza mzee atapandaje.

Siku ya kumkabidhi alikuja amevaa kanzu yake nyeupe. Kwanza ilimbidi aipandishe kanzu na kuuinua mguu wenye goti bovu juu ya siti na juu ya zile betri. Hakuweza. Tukamshika mkono wawili, tukampandisha kama mgonjwa. Akaendesha kidogo, akarudi, akashuka kwa shida. Halafu akataka kuigeuza ili aiegemeze ukutani. Akaushika usukani kwa mikono miwili, mkono wa kuume ukazungusha eksileta bila yeye kukusudia. Baiskeli ikaruka mbele. Mtu anayevutwa na kitu hukishika kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyoshika ndivyo alivyozidi kuizungusha. Ikamburura hatua nne au tano, ikamwangusha juu ya kokoto. Tukashukuru Mungu kwamba hakuvunjika mfupa. Lakini alichubuka kiwiko, na goti lile lililokuwa zima likavimba.

Tulisimama kimya kwa aibu. Yeye akajifuta vumbi, akasema, "Wajukuu zangu, mmetengeneza farasi mzuri. Lakini mimi sikuomba farasi. Niliomba miguu."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Maana ukichunguza utaona kwamba jambo la mota limekwisha kufanywa zamani. Bwana Ogden Bolton wa Canton, Ohio, katika Marekani, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake tarehe 31 Desemba 1895, na uvumbuzi wenyewe ulikuwa baiskeli yenye mota ndani ya habu ya gurudumu la nyuma na betri katikati ya fremu. Mwaka wa 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuuza baiskeli ambayo mota yake haiendi peke yake, bali humsaidia mtu anapokanyaga. Basi kijana anayejisifu leo kwamba ametia mota katika gurudumu ajisifu kwa kiasi. Fumbo lililobaki ni mtu mwenyewe: urefu wake, viungo vyake, mavazi yake, hofu yake, na njia anayopita.

Baada ya mwezi mmoja tulianza upya. Safari hii hatukugusa spana siku ya kwanza. Tulimwomba mzee aketi, tukampima. Tulimwuliza mguu wake wainuka kiasi gani bila maumivu. Jibu lilikuwa sentimita 45 hivi. Bomba la juu la ile baiskeli yetu ya kwanza lilikuwa sentimita 84 kutoka ardhini. Laiti tungalipima mapema, tungalijua kabla ya kununua hata waya mmoja kwamba tumekosea.

Mwenzetu mmoja alishauri tulikate bomba lile na kulichomelea chini zaidi. Fundi wa sokoni akatukataza, nami nasema alifanya vema. Bomba la juu ndilo linaloshikilia kichwa cha usukani kisijongee. Ukilihamisha ovyo, fremu yaweza kukatika pale palipochomelewa, na mzee yu juu yake. Ni afadhali kutafuta fremu iliyozaliwa na bomba la chini, yaani baiskeli ya kike. Tukaipata katika mitumba. Hapo tuliogopa kidogo, tukidhani mzee ataona haya kupanda baiskeli ya wanawake mbele ya waumini wake. Yeye akacheka. Akatuambia kwamba mtu mwenye kanzu na mwanamke mwenye gauni wana shida moja, na kwamba tangu ujana wake alijiuliza kwa nini wanawake peke yao wapewe baiskeli yenye akili.

Baada ya fremu likaja jambo la kiti, nalo lilitusumbua kuliko yote. Mzee huanguka zaidi anapoanza na anaposimama. Kwa hiyo yafaa kiti kiwe chini, nyayo zake zikanyage ardhi hali ameketi. Lakini kiti kikiwa chini goti hukunjwa sana kila pedali inapopanda juu, na goti bovu halipendi kukunjwa. Basi mguu wataka kiti kishuke, na goti lataka kiti kipande. Utafanyaje? Tulifanya mambo mawili. Kwanza, tulitafuta bomba la kiti lililopindika kwa nyuma, kiti kikarudi nyuma ya mahali pake pa kawaida. Hivyo kikawa chini, lakini mguu bado hunyooka mbele kuifuata pedali. Pili, tuliondoa vile vyuma vinavyoshika pedali, vyenye urefu wa sentimita 17, tukatia vya baiskeli ya mtoto, vyenye sentimita 15. Duara la mguu likawa dogo, na goti likakunjwa kidogo. Kijana mwenye nguvu angalilalamika kwamba vyuma vifupi humnyima nguvu. Lakini kazi ya mota ni nini, kama si kujaza pale mguu unapopungukiwa?

Baada ya kiti tukaja kwenye breki. Breki za vyuma virefu zikibana rimu ya chuma iliyolowa maji, karibu ni sawa na kutokuwa na breki. Tulitia magurudumu yenye rimu za aluminiamu na breki za waya zinazobana pande mbili. Katika kila mkono wa breki kuna swichi ndogo: ukigusa breki, umeme wa mota hukatika papo hapo. Nawasihi wenzangu wasiidharau swichi hiyo, maana mota ya namna hii huweza kuendelea kusukuma kidogo hata baada ya miguu kusimama, na kidogo hicho chatosha kumwingiza mzee katika mtaro.

Eksileta ya kuzungusha tuliitupa. Badala yake kuna kipete cha sumaku kwenye mhimili wa pedali: mzee akikanyaga, mota husaidia, akiacha, nayo huacha. Mwendo tumeufunga usizidi kilomita 15 kwa saa. Kipo pia kitufe kimoja cha kubonyeza kwa kidole gumba, ambacho huipeleka baiskeli kwa mwendo wa kutembea tu, kilomita 6 kwa saa, ili aweze kuisukuma kilimani akiwa chini. Akiachia kidole, yasimama.

Mwisho kabisa ndipo tulipochagua mota, na hapo hesabu ya darasani ilitusaidia. Mzee, baiskeli na mzigo wake ni kama kilo 100. Kilima kina mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100 za njia. Akipanda kwa kilomita 10 kwa saa, kuinua uzito huo peke yake kwahitaji wati 163. Ongeza ukinzani wa barabara ya udongo, zapata kama 200. Mzee mwenyewe aweza kutoa wati 60 bila kuumia. Zabaki 140. Basi mota ya wati 250 yatosha na kusaza, na ile ya wati 1000 ilikuwa ya kufurahisha macho yetu tu. Tuliitia katika gurudumu la nyuma, kwa sababu gurudumu la mbele huteleza upesi kwenye changarawe. Ekseli yake tumeishika kwa mkono wa chuma uliofungwa kwenye fremu, maana mota hutaka kuizungusha ekseli kinyume na kuing'oa mahali pake.

Betri ni ya lithiamu, volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Uzito wake haufiki kilo 4, na tumeifunga chini, karibu na pedali, si juu ya keria. Safari ya kwenda kigango cha pili na kurudi ni kilomita 18. Tukihesabu wati-saa 10 kwa kilomita, ni 180, nusu ya betri. Kuijaza kabisa ni chini ya nusu ya uniti moja ya umeme. Hapa nataka kuonya. Chombo kutengenezwa nyumbani si kusema kila kitu kitengenezwe nyumbani. Betri ya lithiamu iliyounganishwa vibaya huwaka moto usiozimika kwa urahisi. Hiyo tuliinunua imekamilika, pamoja na chaja yake, wala sioni aibu kusema hivyo.

Sasa niwajibu wanaotupinga. Wa kwanza ni wale wasemao mzee akae barazani, na wajukuu wampeleke anakotaka. Neno hili lina sura ya heshima, na kweli ni wajibu wetu kuwapeleka wazee wetu. Lakini nimeona lifanyikavyo. Mjukuu yu shuleni, au yu shambani, au pikipiki haina mafuta. Mzee huanza kuomba, kisha hungoja, kisha huacha kuomba ili asiwasumbue watu. Mwishowe husema hana haja ya kwenda mahali popote, nasi twasifu utulivu wake. Heshima gani hiyo? Kumheshimu mzee si kumbeba tu. Ni pamoja na kumwondolea kinachomzuia asiende mwenyewe.

Wa pili wasema ni hatari. Hao nawasikiliza zaidi, maana wana ushahidi. Katika Uholanzi, nchi ambayo watu wa rika zote hupanda baiskeli, mwaka wa 2017 walikufa barabarani waendesha baiskeli 206, na 57 kati yao walikuwa juu ya baiskeli za umeme. Hayo si mambo ya kuchezea. Lakini Waholanzi hawakuwaambia wazee wakae ndani. Watu wa Chuo Kikuu cha Twente pamoja na wenzao walitengeneza baiskeli ya majaribio iitwayo SOFIE, yenye fremu ya chini ya kupitisha mguu kwa urahisi, na kiti kinachojishusha chenyewe mwendo unapopungua ili miguu iguse ardhi. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi na kuhuzunika pamoja. Nilifurahi kwa sababu wataalamu wale walianza na mguu wa mzee, kama sisi tulivyokuja kufanya baadaye. Nilihuzunika kwa sababu kama tungalisoma kwanza, kiwiko cha katekista kisingalichubuka.

Wa tatu wasema ni ghali. Ni kweli kwamba mota na betri si vitu vya bei ya karanga. Tulilima mboga na kuziuza muhula mzima, na bado Padre alituongezea. Lakini yafaa tupime na nauli za pikipiki za kila juma, mwaka hata mwaka. Tena tazameni ni mambo gani yaliyomfaa mzee zaidi: fremu ya chini, kiti kilichorudi nyuma, vyuma vifupi vya pedali, breki za kweli. Yote hayo yalipatikana katika mitumba na kwa fundi wa sokoni, wala hayahitaji umeme hata kidogo. Mzee asiye na uwezo wa kununua betri leo aweza kuanza nayo, na mota akaiongeza siku Mungu atakapomjalia.

Sitaki kumaliza kwa kujisifu. Baiskeli yetu ina kasoro. Mvua ikinyesha sana mzee haendi, na sisi ndio tuliomwomba asiende. Kile kilima cha kigango cha tatu kina mahali pa mawe, na hapo hushuka akatembea, akibonyeza kile kitufe, baiskeli ikitambaa kando yake. Nilimwuliza kama kushuka huko hakumwudhi. Akanijibu kwamba kushuka mwenyewe na kushushwa ni mambo mawili mbalimbali.

Jumapili iliyopita nilimfuata kwa baiskeli yangu ya kawaida, nikahema nyuma yake njia nzima. Tulipofika kigango cha tatu watu walikuwa wamekwisha kuingia kanisani na walikuwa wakiimba. Baada ya sala mzee hakurudi upesi. Alikwenda na watu wachache hadi kaburi la yule mama, akawaongoza katika sala ambazo hawakuzipata siku ile ya maziko. Kisha akaushika usukani, akaigeuza baiskeli polepole, nayo ikatulia mikononi mwake.

Basi ninyi wenzangu mtakaobaki katika karakana sisi tutakapoondoka, nawaomba neno moja. Akija mzee mwingine kuuliza habari za umeme, msimwonyeshe mota. Mpeni kiti aketi, mchukue kipimo, mmwulize mguu wake wainuka hadi wapi.